Mtegemezi wa Mke Wake

Walimwita Wakili, ila ungeuliza alisomea wapi sheria ungechekwa. Alikuwa dobi. Alifanya kazi ughaibuni, katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali tatu, upande wa mashine za kukaushia, na kwa miaka tisa alirudi nyumbani vidole vimesinyaa na shati linanuka dawa. Uwakili aliupatia sebuleni kwake. Kila Jumapili asubuhi watu wa kwao walifika na bahasha zao za uhamiaji, naye angevaa miwani, asogeze kikombe cha chai pembeni na kusema, "Haya, tuone serikali imekuandikia nini."

Na alijua kweli, tusimwonee. Alijua fomu ipi hukataliwa kwa sababu ya kalamu ya bluu na picha ipi hurudishwa kwa ajili ya kivuli nyuma ya sikio. Barua ya mwajiri isiyo na tarehe aliiita karatasi ya kufungia karanga. Alikuwa hatozi mtu hata senti. Alichotaka ni kusikilizwa, na hicho alilipwa mpaka akavimbiwa nacho. Kuna siku alimkatiza mchungaji katikati ya sala ya kufungua kikao ili amrekebishe tarehe.

Basi Jumatatu moja msimamizi akamwita ofisini, akafunga mlango. Kiwanda kimeuzwa. Mwenye kiwanda mpya hana idhini ya kuajiri wageni na hana mpango wa kuiomba. Kibali cha kazi cha Wakili kilikuwa kimeandikwa kwa jina la mwajiri wa zamani, kwa hiyo kingekufa pamoja na mwajiri huyo, siku ya makabidhiano. Zilikuwa zimebaki siku arobaini na moja.

"Wewe unazijua taratibu hizi kuliko mimi," msimamizi alimwambia kwa upole. "Njia hukosi."

Wakili akarudi kwenye mashine yake, akafungua mlango wa kikaushio, akatoa mashuka ya moto na kuanza kukunja. Alikunja vibaya. Kilichomkata maini zaidi si habari yenyewe. Ni kwamba alipiga hesabu ya watu wote anaowafahamu nchi ile, akaona hakuna hata mmoja wa kumpelekea bahasha yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kishindo, alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kibali chake mwenyewe kilikuwa na miaka mitatu mbele. Kishindo, binti yao wa miaka mitano, aliyepewa jina hilo na majirani wa chini kwa sababu hakujua kutembea ila kukimbia, alikuwa kwenye kibali cha mama yake. Wao wawili wangebaki. Yeye angeondoka. Kuomba upya ukiwa nyumbani kulichukua mwaka mzima, na wengine aliowajazia yeye mwenyewe walikuwa mwaka wa tatu hawajajibiwa. Kukaa bila kibali hakukuwa njia. Alikuwa amewaona waliozama hivyo, wanavyovuka barabara wakiona sare yoyote, hata ya mtu wa posta. Ndiyo kusema, akikosa njia ndani ya siku arobaini na moja, binti yake angejifunza kusoma bila yeye.

Wiki ya kwanza hakumwambia mtu. Alivaa miwani Jumapili kama kawaida na kumpa kijana mmoja mawaidha marefu juu ya umuhimu wa kuanza mapema.

Wiki ya pili akaanza kuhangaika. Alikwenda hoteli kubwa yenye idara yake ya ufuaji, akamwona meneja, akamwonyesha barua za sifa. Meneja alimpenda. Lakini kabla ya kumwajiri mgeni, sheria ilitaka kazi itangazwe wiki nne kwa wenyeji kwanza, kisha maombi yakae uhamiaji wiki sita. Wakili ndiye aliyemweleza meneja sheria hiyo. Meneja akamshukuru sana kwa kumfahamisha, akasema hakujua kama kuajiri mtu kuna usumbufu wa namna hiyo, na akamsindikiza hadi mlangoni.

Akajaribu chuo. Rafiki yake Mrefu, fundi bomba, aliishi kwa kibali cha mwanafunzi mwaka wa nne sasa, akisomea lugha ya nchi ile ambayo aliizungumza kuliko baadhi ya walimu wake. Wakili akaenda dirishani, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, akasimama kwenye foleni nyuma ya watoto wenye vipokea sauti masikioni. Karani akamwambia madarasa yamejaa, muhula mpya unaanza baada ya miezi miwili na nusu. Akauliza kama anaweza kupewa barua ya kusubiri. Akapewa. Barua ya kusubiri haikubaliki uhamiaji, na hilo alilijua kabla hajaiomba, ila aliichukua tu asitoke mikono mitupu.

Akafikiria kibali cha kujiajiri. Sheria ilidai uonyeshe shughuli unayoifanya na watu unaowahudumia. Shughuli pekee aliyokuwa nayo nje ya mashuka ilikuwa kujazia watu fomu za uhamiaji, na kufanya hivyo bila leseni lilikuwa kosa. Alijiona amekaa mbele ya ofisa akijishtaki mwenyewe kwa mwandiko safi, na nakala mbili zimeambatishwa.

Mwisho akamfungukia Mrefu. Walikuwa kwenye benchi nje ya duka la vipuri, Mrefu anakula mkate wake wa mchana.

"Oa," Mrefu akasema.

"Nina mke."

"Najua una mke, nimekula kwake mara ngapi? Unamwacha kwenye karatasi tu. Unaoa mwenyeji kwenye karatasi, unakaa miaka mitatu, unarudi kwa mama watoto. Mbona watu wanafanya."

"Na nikikuta mama watoto ameolewa kwenye karatasi?"

Mrefu akatafuna, akafikiri. "Hapo sasa," akakubali.

Wakili aliondoka na hasira, na hasira ile haikuwa ya Mrefu. Njia ilibaki moja tu. Alikuwa akiifahamu tangu siku ya kwanza, tangu mlango wa msimamizi ulipofungwa. Njia hiyo ilikuwa inalala naye kitanda kimoja.

Mwenye kibali halali cha zaidi ya mwaka ana haki ya kumdhamini mwenzi wake. Mwenzi huitwa mtegemezi. Fomu ina kurasa nane, majibu hutoka ndani ya siku ishirini, na anayesubiri jibu hafukuzwi. Kwa nusu mwaka wa kwanza mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi. Wakili aliijua fomu ile kama kiganja chake, na waume wengi wamekaa kwenye kochi lake naye akawaonyesha kwa kidole: hapa jina la mtegemezi wako, hapa weka saini wewe, yeye si lazima awepo.

Kilichomzuia kinywa ni historia. Miaka sita nyuma, Mama Kishindo aliingia nchi ile kama mtegemezi wake. Kadi yake ya kuishi Wakili aliitunza kwenye mkoba wake mwenyewe, pamoja na mafaili ya watu, ili isipotee, alisema. Alipotaka kusomea uuguzi, chuo kilidai barua ya ridhaa ya mdhamini, na barua hiyo ya mistari minne Wakili, mtu wa kuandika barua kumi kwa asubuhi moja, aliichukulia miezi minane. Na walipogombana, si mara moja wala mbili, ulimi wake ulikuwa na njia yake ya mkato. Angesema, "Usisahau uko hapa kwa karatasi ya nani." Mkewe angenyamaza, naye angejiona ameshinda.

Alimwambia siku ya Jumamosi asubuhi. Kishindo alikuwa kwa jirani. Mama Kishindo alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi sebuleni, na Wakili, ambaye pasi ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza maishani, alikaa akimtazama bila kutaja kasoro. Hilo peke yake lingetosha kumjulisha mkewe kwamba kuna jambo.

"Mama Kishindo," akaanza. "Kuna mtu mmoja ana tatizo."

"Mtu gani?"

"Kiwanda chao kimeuzwa. Kibali chake kinaisha."

"Masikini. Anaishi na nani huyo mtu?"

"Na mke wake."

"Na mke wake anajua?"

"Anajua sasa hivi."

Mama Kishindo akageuza sare upande wa pili, akanyoosha ukosi. "Anajua wiki nzima. Mke wa Mrefu ulimi wake hauna breki. Nilikuwa nasubiri mwenye tatizo aniambie mwenyewe." Akasimamisha pasi. "Siku ngapi zimebaki?"

"Ishirini na mbili."

"Umekwenda wapi na wapi?"

Akamweleza. Hoteli, chuo, kujiajiri. Ya Mrefu aliiruka, mkewe akamrudisha. "Na kuoa?"

"Hilo lilikuwa wazo la Mrefu."

"Kwa hiyo umeanza na hoteli, ukaenda ukakaa na watoto wa shule, ukasikiliza habari za kuoa, halafu ndiyo ukafika kwangu."

Alisema, "Ndiyo."

Mkewe alimtazama, si kwa ukali, kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa kusema panapouma. Kisha akasema, "Leta fomu. Nitaijaza mwenyewe."

"Hizi nimejaza zaidi ya mia, acha nikusaidie, kuna ukurasa wa tano watu wengi wana..."

"Nitaijaza mwenyewe."

Ikamchukua siku tisa. Ukitaka kumtesa mtu wa aina ya Wakili huhitaji kumpiga wala kumnyima chakula. Mkalishe chumba kimoja na fomu inayojazwa na mwingine. Mama Kishindo alitoka zamu, akamwogesha Kishindo, akala, akaosha mikono na kukaa mezani na kamusi. Aliandika neno moja moja. Akifika mwisho wa ukurasa aliurudia kuusoma tangu juu. Wakili alipita nyuma yake kwenda jikoni kunywa maji mpaka akahofia figo.

Siku ya sita alishindwa kujizuia. "Mama, siku zinakwenda."

"Zinakwenda, naziona."

"Kwa kawaida fomu hii ni kazi ya saa moja."

"Kwa anayeisoma au kwa anayeisaini?" Hakuinua kichwa. "Mimi nasoma kwanza. Ile ya kwanza uliyoniletea nilisaini bila kusoma, ulisema haina haja."

Akarudi zake chumbani, akakaa kitandani, akamsikiliza Kishindo akimwambia mwanasesere wake akae vizuri. Alitaka kukasirika akashindwa. Alijua yeye alichukua miezi minane, na kwamba mkewe hakuwa anamlipizia. Mtu anayelipiza haamki saa kumi na moja alfajiri kabla ya zamu ili amalizie ukurasa wa sita.

Siku ya tisa alimwita mezani. "Kuna sehemu wanauliza mtegemezi atajishughulisha na nini kipindi ambacho haruhusiwi kufanya kazi. Niandike nini?"

Kwa wake za watu, mahali pale Wakili alikuwa na jibu moja aliloliandika miaka yote bila kuuliza mtu: shughuli za nyumbani. Sasa lilimkwama. Nusu mwaka. Atafanya nini yeye mchana kutwa, mtu aliyezoea mashine nane zikimngurumia sikioni?

"Sijui," akasema.

"Fikiri," mkewe akasema. "Mimi nilifikiri mwaka mzima."

Mwishowe wakaandika kwamba atamlea mtoto, atampeleka shule na kumrudisha, na atapika. Wakili akasema kupika hajui. Mama Kishindo akasema hawajauliza kama anajua.

Walikwenda uhamiaji Alhamisi, mapema. Ukumbi ule Wakili alikuwa ameuzoea kama watu wanavyozoea soko. Alijua dirisha lipi lina karani mkorofi na mashine ipi ya namba huwa imekwama. Aliingia akisalimia walinzi. Namba yao ilipoitwa akatangulia mbele, bahasha kwapani, akaweka kiwiko kwenye kaunta.

Ofisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akatazama karatasi ya juu, akamtazama Wakili. "Wewe ni mdhamini?"

"Mimi ni... hapana. Ila shughuli hizi nina uzoefu nazo, naweza kukueleza ukurasa wa tano."

"Mdhamini abaki hapa. Mtegemezi asubiri kwenye kiti."

Kiti kilikuwa hatua tatu nyuma, nyuma ya mstari wa manjano. Miaka yote aliyokuja pale hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kifupi kidogo kuliko vingine, au alikiona hivyo. Kutoka pale alimwona mkewe mgongoni, na kila neno alilisikia.

Ofisa alikagua kurasa moja baada ya nyingine, akauliza kuhusu nyumba na zamu, kisha akauliza, "Mnaishi pamoja?"

"Tunaishi."

"Unamdhamini kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Kwa hiari yangu."

"Vizuri. Ni wajibu wangu kukueleza hili." Alilisoma kama mtu aliyelisoma mara elfu. "Kibali chake kitasimama juu ya chako. Ukiona huwezi kuendelea kumdhamini, kwa sababu yoyote, utatuandikia barua ya mstari mmoja. Si lazima utaje sababu. Tukishaipokea atakuwa na siku kumi na nne za kuondoka. Umeelewa?"

"Naijua barua hiyo," Mama Kishindo akasema.

"Umewahi kuiandika?"

"Nimewahi kuisoma."

Ofisa akainua macho, kisha akaendelea kugonga mihuri.

Wakili aliijua barua aliyoisema mkewe. Kishindo alikuwa na miezi tisa wakati ule. Waligombana juu ya chuo, akasema lake la karatasi ya nani, na mkewe, kwa mara ya kwanza, hakunyamaza. Basi asubuhi yake Wakili akaiandika barua, kwa mwandiko wake mzuri, mstari mmoja tu, akaitia saini na kuiweka mezani kando ya sukari, akaenda kazini. Hakuwa na nia ya kuipeleka. Alitaka kumtia adabu. Aliporudi jioni alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti karibu na mlango, koti mwilini, mtoto mgongoni, na mfuko wa nguo miguuni. Wakili akacheka, akasema ni utani tu, mama, wewe nawe huna utani, akaichana barua. Mkewe akavua koti, akaenda kupika. Jambo likaisha. Kwa upande wake liliisha kabisa, hata baadaye aliwahi kuwasimulia watu Jumapili kama kichekesho.

Sasa, akiwa kwenye kile kiti, alihesabu. Alikuwa ametoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Kwa muda wa saa kumi na moja mkewe alikaa na ile karatasi, na mtoto mchanga, katika nchi ambayo hakuwa na ndugu, na kadi yake iko kwenye mkoba wa mumewe. Wakili aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja, na chini ya aibu kulikuwa na woga mtupu. Mgongo ule pale dirishani ungeweza kumwondoa kwa mstari mmoja, wakati wowote, miaka mitatu ijayo. Na kama ungetaka, ungekuwa na haki.

Mama Kishindo akageuka na risiti yenye muhuri. "Tumemaliza. Jibu baada ya siku ishirini. Wamesema unaweza kusubiri humu humu nchini."

Wakatoka. Nje kulikuwa na jua la mchana na kituo cha basi chenye benchi. Mkewe alikuwa na zamu ya saa saba, sare iko mkobani, imekunjwa. Wakakaa.

"Nisamehe ile barua," Wakili akasema.

"Barua ipi?"

Alijua anajua. Alijua pia kwamba anataka kuisikia ikitajwa. "Niliyoiweka kando ya sukari. Nikasema ni utani. Haikuwa utani. Nilitaka uogope."

Mama Kishindo akatazama barabarani. "Niliogopa," akasema. "Mpaka leo nikiona karatasi mezani asubuhi, naisoma kwanza kabla sijakaa. Hata ikiwa ni ya shule ya mtoto."

Wakili akajifuta uso kwa kiganja. "Umenisamehe?"

Mkewe alifikiri, na hakuharakisha, kama alivyokuwa akijaza fomu.

"Bado," akasema. "Lakini hilo ni letu mimi na wewe. Sitakufukuzisha nchi kwa hilo."

Basi lake likaja. Akainuka, akapachika mkoba begani, akamkumbusha kwamba mtoto anatoka saa nane na kwamba mwalimu hapendi wanaochelewa. Wakili akaitikia ndiyo mama. Saa saba na nusu alikuwa tayari amesimama langoni mwa shule.